Mkokoteni wa ng'ombe unapobeba watoto: marekebisho ya kufanya kabla pamba haijaanza kuuzwa

Siku ya mnada katika kata ya Kimali, wilayani Meatu, mikokoteni ya ng'ombe huanza kutoka majumbani kabla jua halijachomoza. Mbele anatembea kijana na fimbo yake, maksai wawili wako kwenye nira, na nyuma yao kuna kila kitu: magunia ya mtama, kuku waliofungwa miguu, madumu ya maji, bibi anayekwenda kumsalimia ndugu yake, mama mwenye mtoto mgongoni, na watoto watatu au wanne waliokaa ukingoni, miguu ikining'inia kando ya tairi.

Hakuna anayeshtuka kuona hivyo, kwa sababu ndivyo familia zinavyosafiri. Ni mkokoteni huohuo uliopeleka pamba AMCOS msimu uliopita, unaoleta maji wakati wa kiangazi, unaopeleka mahindi mashineni na ambao usiku mmoja unaweza kuhitajika kumpeleka mgonjwa zahanati. Simiyu ni mkoa wa pamba, na nyumba nyingi hazikununua mkokoteni kwa ajili ya watu. Zilinunua kwa ajili ya mzigo.

Hapo ndipo penye tatizo. Gunia la pamba halisinzii. Haliinuki ghafla kumwangalia swala, halichezeshi miguu, halimsukumi mwenzake. Mtoto hufanya yote hayo katika safari moja, akiwa juu ya chombo ambacho fundi alipokitengeneza alifikiria magunia tu.

Ajali ya mkokoteni haina kishindo kama ya basi. Tairi moja linaingia kwenye shimo, mtoto anateleza, na kabla kijana wa mbele hajageuka, tairi limeshapita juu ya mguu. Wengi hujifariji kwamba mwendo ni mdogo. Ni kweli, maksai hutembea polepole kuliko mtu mzima mwenye haraka. Lakini mkokoteni wenye mzigo wa kilo 600, ukiongeza na uzito wake wenyewe wa kilo 200 hivi, unaweka karibu kilo 400 kwenye kila tairi. Mfupa wa paja la mtoto wa miaka mitano hauulizi tairi lilikuwa na mwendo gani.

Habari njema ni kwamba karibu kila kinachohitajika kurekebishwa kinaweza kufanyika nyumbani, kwa mbao, bomba la chuma kuukuu, tairi lililokwisha na nusu siku ya fundi wa kuchomelea. Wazazi wengi wakipata fedha za pamba hufikiria kwanza kubadili tairi, wengine godoro la kukalia. Si vibaya, ila si pa kuanzia.

Pa kuanzia ni uzito unakaa wapi. Mkokoteni wa magurudumu mawili ni kama mizani: ekseli iko katikati, mbele kuna boriti inayoingia kwenye nira, nyuma kuna watu. Watu wakirundikana nyuma, boriti inanyanyuka, na nira inanyanyuka nayo. Kamba ya shingoni inawakaba maksai, nao wanaanza kutikisa vichwa na kukataa kwenda. Kijana anawachapa akidhani ni wavivu. Watu wakijaa mbele sana, nira inawalemea shingoni na kuwachubua. Kidonda cha shingo kwa maksai mwezi wa kulima kinajulikana gharama yake.

Kipimo chake ni rahisi. Mkokoteni usimamishwe mahali tambarare, tairi ziwekewe mawe mbele na nyuma, kisha upakiwe magunia yenye uzito unaokaribiana na ule wa familia, mahali ambapo familia itakaa. Mtu mzima mmoja anyanyue boriti. Ikinyanyuka bila kumtoa jasho, na akiiachia inashuka yenyewe taratibu, uzito umekaa vizuri. Ikipaa juu yenyewe, viti visogee mbele. Ikishindikana kunyanyuka, visogee nyuma. Ni kazi ya nusu saa na haina gharama yoyote, lakini ndiyo inayoamua benchi litafungwa wapi.

Benchi lenyewe liwe ubao mmoja mnene unaokatisha mkokoteni kwa upana, karibu na usawa wa ekseli, umefungwa kwa bolti zinazopenya hadi chini. Misumari haitoshi, maana mtikisiko wa barabara za Meatu hung'oa misumari ndani ya msimu mmoja. Watoto wakae mbele ya benchi, sakafuni, migongo ikiegemea miguu ya wakubwa. Sakafuni ndipo salama zaidi kwa mtoto kuliko mahali pengine popote kwenye mkokoteni, na hilo huwaudhi watoto wenyewe, kwa sababu ukingoni ndipo pazuri pa kuangalia.

Kwa hiyo ukingo uzibwe. Pembeni zipandishwe mbao au fito nene hadi zifike kifuani mwa mtoto aliyekaa. Nafasi kati ya ubao na ubao iwe ndogo kuliko ngumi ya mtu mzima, kichwa cha mtoto kisipite. Juu ya kila tairi, kwa ndani, kifungwe kipande cha ubao au bati lililokunjwa makali yake, ili mguu au kanga isiguse tairi linalozunguka. Kanga na khanzu za watoto wadogo hazitajwi sana katika mazungumzo ya ajali, lakini nguo ikishikwa na tairi humvuta aliyeivaa.

Nyuma ndiko kunakosahaulika. Mikokoteni mingi iko wazi nyuma ili kurahisisha kushusha magunia. Mkokoteni unapopanda ukingo wa korongo, sakafu inainama kuelekea nyuma, na chochote kisichofungwa kinateremka, mtoto akiwamo. Mlango wa nyuma wa mbao, wenye bawaba mbili na pini ya chuma iliyofungwa kwa mnyororo mfupi isipotee, unamaliza tatizo hilo. Pini iwe upande wa nje ambako mkono wa mtoto haufiki.

Fundi mwenye shauku anaweza kutaka kuziba pembeni zote kwa bati zima, mkokoteni upendeze kama bodi ya gari. Asiruhusiwe. Bati zima linaongeza uzito ambao maksai ndio wanaoulipa, linachoma kama kaango mchana, na mbaya zaidi linakinga maji. Mito ya Meatu hukauka kiangazi, kisha hujaa kwa saa chache baada ya mvua iliyonyesha mbali, pengine hapo kijijini hata tone halijaanguka. Mkokoteni wenye nafasi kati ya mbao huyaacha maji yapite. Uliozibwa husukumwa kama mtumbwi. Na hata huo wenye nafasi, maji yakishafika katikati ya tairi, safari iishie hapo, watoto washuke na wasubiri ng'ambo hii.

Yapo marekebisho ambayo kila mtu huyaona ya wazungu mpaka siku yanapohitajika. Breki ni mojawapo. Kwenye mteremko, mkokoteni usio na breki huwasukuma maksai kwa nyuma. Wao hawana namna ya kuuzuia ila kwa shingo, na nira haikutengenezwa kuzuia. Kinachofanyika kwa kawaida ni vijana wawili kuning'inia nyuma wakiburuza miguu, au baba kufunga gogo kwa kamba liburuzwe. Gogo linafanya kazi. Vijana wakati mwingine hufanya kazi, wakati mwingine huanguka.

Breki ya kutengeneza nyumbani ni mti mgumu unaolala nyuma ya tairi zote mbili, ncha zake zimefungwa vipande vya tairi kuukuu, na katikati umeunganishwa kwa fimbo ya chuma na mkono wa kuvuta. Mkono ukivutwa, mti unaegemea tairi zote mbili kwa pamoja. Waya wa breki ya baiskeli usitumike, hauna nguvu hiyo. Kati ya mti na tairi ibaki nafasi ya vidole viwili, maana kwenye udongo mweusi wa mbuga matope hujikusanya na kukaza tairi kama breki isiyoachia. Mwenye kuishi kwenye udongo wa kichanga, ule wanaouita luseni, anaweza kuisogeza karibu zaidi. Mkono wa kuvuta uwe karibu na mtu mzima anayekaa juu. Kumpa mtoto kazi ya breki kwa sababu anaipenda ni kuifanya breki kuwa mchezo.

Kingine ni miguu ya kuegemeza. Maksai wakishafunguliwa, mkokoteni hubaki umeinamia mbele, na watoto wa nyumba nzima hugeuza sehemu hiyo kuwa pembea. Mmoja anapanda nyuma, boriti inapaa, sakafu inashuka kwa kishindo juu ya aliyekuwa amejificha chini. Vipande viwili vya bomba, kimoja mbele na kimoja nyuma, vyenye bolti moja ya kuvikunja wakati wa safari, vinatosha kuufanya mkokoteni usimame bila kuyumba. Mzazi asiye na bomba atumie nguzo mbili fupi zenye panda. Muhimu ni kwamba kazi hii ifanyike kila jioni, hata jioni ambayo watu wamechoka.

Kuhusu springi, mafundi hutofautiana. Wapo wanaofunga springi bapa za gari dogo chakavu kati ya ekseli na sakafu, na kwa mgonjwa au bibi mwenye mgongo tofauti inaonekana mara moja. Lakini springi hunyanyua sakafu juu zaidi, na mkokoteni ulio juu hupinduka kirahisi tairi moja likipanda kichuguu. Kwa mkokoteni unaobeba pamba na watu kwa zamu, pengine ni busara kuacha springi na kupunguza upepo kidogo siku ya kubeba watu. Tairi lililojazwa kwa ajili ya nusu tani, likibebeshwa watoto watatu tu, hurukaruka kama mpira. Magunia mawili yaliyojazwa majani makavu au mabua laini ya mpunga yakiwekwa chini ya turubai husaidia kuliko godoro la sponji, ambalo likilowa halikauki na hugeuka makao ya panya.

Kivuli nacho kina kanuni zake. Fito nne zilizopindwa na turubai juu yake zinatosha, mradi pembeni pawe wazi upepo upite. Mama anapofunika mtoto mchanga kwa karatasi ya nailoni au blanketi zito ili asipigwe jua, joto chini yake hupanda haraka kuliko anavyodhani, na mtoto mchanga hana uwezo wa kulia kwa sauti akishachoka. Upepo mkali ukianza, turubai litolewe, kwa sababu hugeuka tanga.

Yote hayo ni ya mchana. Usiku na alfajiri kuna hatari ya aina nyingine.

Msimu wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, barabara za vumbi hujaa malori yanayokusanya pamba na bodaboda zinazowahi fedha. Dereva wa lori anayetoka kwenye kona gizani haoni ng'ombe wa kahawia wala mbao za kijivu. Anachoona ni kinachorudisha mwanga wa taa zake. Stika za kuakisi mwanga, zile nyekundu na nyeupe zinazobandikwa kwenye malori, zibandikwe nyuma ya mkokoteni, upana mzima, ili dereva ajue chombo kimeishia wapi kulia na kushoto. Nyeupe ibandikwe mbele, kwenye nira. Kipande kimoja kidogo katikati hakitoshi, maana kwa mbali kinafanana na baiskeli, na dereva atajaribu kupita kando yake kwa nafasi ya baiskeli.

Stika ikichafuka vumbi haifanyi kazi, kwa hiyo ipanguswe kabla ya safari. Juu yake iongezwe tochi ya sola iliyofunikwa kitambaa chepesi chekundu, ikining'inia nyuma, na nyingine nyeupe mikononi mwa anayetembea mbele. Ubao wa nyuma ukipakwa chokaa unaonekana hata kwa mbalamwezi. Kati ya marekebisho yote yaliyotajwa, hili ndilo lenye bei ndogo na faida kubwa. Familia yenye fedha ya kitu kimoja tu mwaka huu inunue stika.

Lakini kuna hatari moja ambayo haitibiwi na ubao wala bolti, na ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi wa kuzungumza pale nyumbani. Mkokoteni unaobeba watoto Jumamosi ndio uliobeba dawa za pamba Jumatano.

Viuadudu vya pamba hufika kwa mkulima katika chupa ndogo, zile ekapaki. Hutupwa juu ya mkokoteni pamoja na bomba la kupulizia, ndoo na chakula cha mchana. Kifuniko kimoja kikilegea, dawa inamwagika kwenye ubao, na ubao hunywa. Siku tatu baadaye ubao unaonekana mkavu na hauna hata harufu kali. Mtoto anakaa hapohapo na kaptura yake, anashika ubao, anachukua kipande cha michembe kutoka mfuko uliowekwa sakafuni, anakula. Mama akiona mtoto anatapika jioni, atafikiria malaria au maji ya lambo. Hatafikiria ubao.

Dawa zisisafiri sakafuni. Ndoo ya chuma au ya plastiki ngumu yenye mfuniko, iliyofungwa nje ya mkokoteni, chini ya boriti au nyuma ya mlango, ndiyo iwe nyumba yake, na isitumike kwa kazi nyingine yoyote. Bomba la kupulizia nalo likae nje. Siku ya kubeba dawa isiwe siku ya kubeba watoto wala unga. Turubai la kukalia watu liwe la watu peke yake, likunjwe na kutunzwa ndani, lisiguse magunia ya mbegu zilizotiwa dawa. Ubao uliomwagikiwa usugulewe kwa maji na sabuni mbali na kisima, na kama umelowa hasa, ung'olewe. Ubao mmoja si hasara kubwa. Usigeuzwe kuni.

Chupa tupu ni hadithi ileile. Isitiwe maziwa, mafuta wala maji ya safarini, hata ikisuuzwa mara kumi.

Dalili za sumu ya baadhi ya dawa hizo ni mate kumtoka mtoto kwa wingi, jasho, macho kutoa machozi huku mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, kutapika, kuharisha, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida. Mzazi amvue nguo zote, amwoshe kwa maji mengi na sabuni, naye ajikinge mikono, kisha ampeleke kituoni pamoja na chupa ya dawa au karatasi yake. Asimtapishe. Maziwa, ambayo wazee wengi huyaamini, hayaondoi sumu hiyo, na yanaweza kumpalia mtoto anayepumua kwa taabu. Na mtoto wa aina hii asisubiri maksai wafungwe nira. Bodaboda ya kwanza inayopatikana ndiyo yake, mzazi akiwa amemshika, na wa nyuma wasiongezeke.

Hapa ndipo linapokuja swali ambalo familia nyingi hulijibu saa nane usiku badala ya kulijibu mchana: ni mgonjwa gani wa kupanda mkokoteni? Jibu si kwamba mkokoteni haufai kabisa. Mtu aliyevunjika paja, au aliyeumwa na nyoka mguuni, anahitaji kulala na kutulia, mguu usichezeshwe. Kumkalisha kwenye bodaboda katikati ya watu wawili ni kumuumiza zaidi. Mkokoteni wenye sakafu laini na pembeni zilizozibwa unaweza kumfikisha barabarani, ambako gari lililopigiwa simu linamsubiri, akiwa amelala na mguu umefungwa kwenye ubao. Lakini kazi ya mkokoteni iishie hapo barabarani. Safari yote hadi hospitali ya wilaya Mwanhuzi kwa mwendo wa maksai ni kupoteza saa ambazo mgonjwa hana. Mtoto anayepoteza fahamu, anayedegedega au asiyeweza kunyonya wala kunywa, na mtu anayevuja damu nyingi, hawa mkokoteni si wao, labda pasiwe na kitu kingine kabisa.

Mama mjamzito ana njia yake. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na sasa unatumika katika mikoa ya Tanzania Bara, hupokea simu ya dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga kupitia namba 115 bila malipo, na kutafuta gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyesajiliwa. Namba hiyo inaweza kuandikwa kwa rangi kwenye ubao wa mbele wa mkokoteni. Si mzaha. Usiku wa uchungu, simu iko mkononi mwa kijana wa miaka 16 aliyetumwa kufunga ng'ombe, na hakuna anayekumbuka karatasi ya kliniki iliwekwa wapi.

Hata hivyo gari linaweza lisifike mlangoni. Mvua ikinyesha juu ya udongo wa mbuga, mara nyingine ni maksai peke yao wanaovuka. Kwa hiyo familia yenye mjamzito wa miezi minane iuandae mkokoteni mapema. Mama alale kwa ubavu, ubavu wa kushoto ukiwa bora, asilale chali, kwa sababu uzito wa tumbo hubana mishipa mikubwa ya damu. Mgongoni mwake liwekwe gunia la majani la kuegemea, na mwanamke mzima akae naye, kichwani si miguuni, wakiwa na maji ya kunywa, kanga safi mbili, tochi na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni. Mtikisiko si dawa ya kuharakisha uchungu, kama baadhi ya wazee wanavyotania, kwa hiyo kijana wa mbele aende taratibu penye mashimo. Na maksai wa kazi hiyo wajulikane mapema ni wapi. Mwishoni mwa kiangazi ng'ombe wengi hupelekwa mbali kutafuta malisho, na nyumba hubaki na mkokoteni mzuri usio na wa kuuvuta. Jirani mwenye maksai au punda aombwe wiki kadhaa kabla, naye ataona ameheshimiwa.

Kwa mafundi, Kimali haikosi watu wanaojua kuchomelea, na kwa kazi kubwa kama kubadili ekseli wapo wa Mwanhuzi na Bariadi. Shirika la SIDO, ambalo limekuwa likihudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, hushughulika na mafundi wa aina hii na ni mahali pa kuuliza anayetaka mkokoteni mpya uliopimwa vizuri. Fundi apewe vipimo vya watu. Akiulizwa mkokoteni ubebe nini, baba wengi hujibu gunia ngapi. Jibu liwe gunia ngapi, na watoto wangapi.

Jambo la mwisho ni anayeongoza. Katika nyumba nyingi ni mvulana wa miaka 9 au 10, na anafanya kazi hiyo kwa ustadi unaowashangaza wageni kutoka mjini. Anawajua maksai kwa majina na wao wanaijua sauti yake. Akiwa peke yake na magunia, pengine ni sawa mchana. Akiwa amebeba wadogo zake wanne kurudi mnadani, jua linazama na yeye ameamka saa kumi usiku, atasinzia, na maksai wataendelea kutembea kuelekea nyumbani kama kawaida yao, wakipita popote wanapopajua wao. Mtu mzima awepo, atembee mbele au akae kwenye breki, na huyo mvulana apande alale sakafuni pamoja na wengine.

Wakifika, maksai wafunguliwe kwanza, wanyweshwe, shingo zao ziangaliwe. Kisha miguu ya kuegemeza ishushwe, mawe yawekwe kwenye tairi, nati za magurudumu zikazwe kwa spana. Mara moja kwa mwezi ekseli itiwe grisi. Tochi ya nyuma iingizwe ndani, na asubuhi mtu aikumbuke kuirudisha juani.